"Lisemwalo lipo"? Waulize wale vijana watano wa Harlem

Kuna jamaa wa mtaani kwetu aliyerudi nyumbani mwaka jana baada ya kukaa rumande miezi minane. Alishikwa pamoja na wengine wawili kwa wizi wa mabavu. Kesi ilipofika mahakamani, shahidi mkuu alimwangalia akasema waziwazi kwamba huyu siye. Hakimu akamwachilia. Kwisha. Hana hatia.

Jioni moja tukapatana pale kwa mama wa chapati. Akanisalimia vizuri, tukagotana, akaketi kando yangu kwenye benchi. Na mimi, bila hata kufikiria, nikatoa simu kwenye mfuko wa nyuma nikaiweka mfuko wa mbele.

Aliona. Nilijua ameona kwa sababu alisonga kidogo akaniachia nafasi, kama mtu aliyezoea. Hakusema kitu. Tukala chapati zetu tukaongea mambo ya mpira.

Wacha niseme ukweli, aibu ya jioni hiyo bado inanisumbua. Mimi ndiye yule aliyejaza mtandao maneno mwaka wa 2019 wakati When They See Us, filamu ya vipindi vinne ya Ava DuVernay, ilipotoka kwenye Netflix. Nililia. Nikawatukana polisi wa New York, nikamtukana Donald Trump, nikasema Wamarekani ni watu wabaya sana. Marafiki zangu wengi walikuwa wanalia na mimi. Kumbe kulia ni rahisi. Wale vijana walikuwa mbali, ndani ya skrini, na hakuna aliyekuwa ameketi karibu na simu yangu.

Kwa hivyo nimeirudia ile kesi, safari hii nikiwa na swali moja. Kwa nini mtu akishaitwa mhalifu, hata mahakama yenyewe ikisema ilikosea, sisi watu wa kawaida tunakataa kumrudishia jina lake? Na kwa nini kule Marekani jibu la swali hilo lina rangi?

Kwa wale ambao hawakuitazama, mambo yalikuwa hivi. Usiku wa Aprili 19, 1989, mwanamke Mzungu wa miaka 28, mfanyakazi wa benki, alikuwa akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, New York. Alivamiwa, akapigwa vibaya sana, akabakwa, akaachwa karibu kufa. Alikaa siku nyingi bila fahamu, na alipoamka hakukumbuka lolote kuhusu shambulio hilo. Usiku huohuo kundi la vijana zaidi ya 30 lilikuwa limeingia bustanini, na baadhi yao waliwahangaisha na kuwapiga watu. Polisi wakaanza kukusanya vijana.

Mzigo ukawaangukia watano: Antron McCray, Kevin Richardson, Yusef Salaam, Raymond Santana na Korey Wise. Wanne ni Weusi, na Santana ni Mlatino. Wadogo walikuwa na miaka 14, mkubwa miaka 16. Huyo mkubwa, Wise, polisi hawakuwa hata wanamtafuta. Alimsindikiza tu rafiki yake Salaam hadi kituoni. Hiyo "twende nikusindikize" ilimgharimu zaidi ya miaka 10 jela, tena jela za watu wazima.

Walihojiwa saa nyingi mno, usiku kucha na mchana wake. Mwishowe wanne kati yao wakakiri mbele ya kamera. Ukisikiliza maneno yao, hayapatani. Huyu anasema hivi kuhusu mahali, yule anasema vile kuhusu nani alifanya nini. Halafu vipimo vya DNA vikaonyesha kwamba mbegu za kiume zilizopatikana hazikuwa za yeyote kati yao. Haya yalijulikana kabla ya kesi kuanza. Waendesha mashtaka wakasema basi labda kuna mmoja zaidi aliyetoroka. Mwaka wa 1990 wote watano wakapatikana na hatia.

Lakini hukumu ya kweli ilikuwa imetolewa zamani, nje ya mahakama. Magazeti yaliwaita kundi la mbwa mwitu. Mnamo Mei 1, 1989, hata wiki mbili hazijaisha, tajiri wa majumba aliyeitwa Donald Trump alinunua kurasa nzima katika magazeti manne ya New York akitaka hukumu ya kifo irudishwe. Hakuwataja majina, lakini hakuna mtu New York ambaye hakujua anaongea kuhusu nani. Fikiria una miaka 14, na mtu mzima mwenye pesa ananunua ukurasa wa gazeti kuomba watu kama wewe wauawe, na hakuna shahidi hata mmoja ambaye ameapa mahakamani.

Sasa sikiliza sehemu inayoniuma zaidi. Mbakaji wa kweli alikuwa mtu mmoja, Matias Reyes. Siku mbili tu kabla ya usiku ule, alikuwa amemshambulia mwanamke mwingine katika bustani hiyohiyo. Na baada ya vijana watano kufungiwa, jiji likapumua, likasema tumewapata. Reyes akaendelea. Alibaka wengine, na mnamo Juni 1989 akamuua mwanamke aliyekuwa mjamzito. Alikamatwa Agosti.

Kwa hivyo anayeniambia kwamba haya mambo ya "haki za wahalifu" ni ya watu wasiojali wanawake, ninamwomba asome aya hiyo tena. Kumfunga asiye na hatia hakumlindi mwanamke yeyote. Kunampa mwenye hatia nafasi ya kutembea.

Mwaka wa 2002, Reyes, ambaye tayari alikuwa anatumikia kifungo cha maisha, alikiri kwamba alifanya unyama ule peke yake. Wakapima DNA. Ikawa yake. Ofisi ileile ya mashtaka iliyowafunga vijana hao ikaenda mbele ya jaji ikaomba hukumu zao zifutwe, na mnamo Desemba 19, 2002 zikafutwa. Kufikia siku hiyo, wote walikuwa wameshamaliza vifungo vyao. Walirudishiwa majina, miaka yao haikurudi.

Au tuseme walirudishiwa karatasi. Jina ni kitu kingine.

Mapema mwaka wa 2003, jopo lililoundwa na polisi wa New York lilitoa ripoti likasema kwamba bado kuna uwezekano mkubwa vijana hao walishiriki kumshambulia yule mwanamke. DNA imesema, mkosaji amesema, mwendesha mashtaka amesema, jaji amesema. Polisi wakasema hapana, sisi bado tunawashuku. Walipoishtaki serikali ya jiji, jiji likapigana nao zaidi ya miaka 10. Mwaka wa 2014 likakubali kulipa dola milioni 41, lakini bila kukiri kosa. Trump akaandika gazetini kwamba malipo hayo ni aibu. Mwaka wa 2019, akiwa rais, aliulizwa kama atawaomba msamaha. Akakataa, akarudia kwamba wao wenyewe walikiri. Na Septemba 2024, kwenye mdahalo na Kamala Harris uliotazamwa na mamilioni ya watu, akadai kwamba walikubali mashtaka na kwamba waliyemshambulia mwishowe alikufa. Yote mawili ni uongo. Hawakukubali mashtaka hata siku moja, na yule mwanamke aliishi, akaja kuandika kitabu cha maisha yake. Mwezi uliofuata wakamshtaki kwa kuwachafulia majina.

Hiyo ni miaka 22 baada ya kusafishwa. Yusef Salaam alikuwa tayari amechaguliwa diwani wa Harlem, mwaka wa 2023. Bustani ya Central Park tayari ilikuwa na lango lililopewa jina kwa heshima ya walioondolewa hatia. Na bado mtu mmoja akisema "walifanya" mbele ya taifa zima, kuna umati unaoitikia "ndiyo".

Hebu jiulize umati huo unaitikia nini. Ushahidi haupo. Kilichobaki ni picha: vijana Weusi, usiku, mwanamke Mzungu. Picha hiyo ni kongwe kuliko kesi yenyewe. Marekani imekuwa nayo tangu enzi za utumwa, na kwa sababu yake Weusi wengi walinyongwa mitini na umati, bila jaji, bila wakili. Picha hiyo ndiyo iliyofanya polisi wakusanye vijana hao, ikafanya wale raia 12 wanaoketi kortini kuamua hatia waamini video zisizopatana, na leo ndiyo inayofanya watu wakatae kuamini DNA. DNA inaweza kufuta kosa. Haiwezi kufuta rangi. Kama rangi ndiyo ilikuwa ushahidi wa kwanza, basi ushahidi huo haujaondolewa mezani hadi leo.

Mtu ataniambia, "Wewe blogu, kila kitu kwenu ni rangi." Sawa, tuongee namba. Marekani kuna sajili ya kitaifa inayoendeshwa na vyuo vikuu, inayoweka rekodi za watu walioondolewa hatia tangu 1989. Mwaka wa 2022 walitoa ripoti. Weusi ni chini ya asilimia 14 ya Wamarekani wote. Lakini kati ya watu zaidi ya 3,000 walioondolewa hatia, Weusi ni asilimia 53. Kwa kesi za mauaji, Mmarekani Mweusi asiye na hatia ana uwezekano mara saba zaidi wa kufungwa kimakosa kuliko Mzungu. Kwa kesi za dawa za kulevya, ni mara 19.

Na hao ni wale waliobahatika kusafishwa. Walioko ndani bado, ambao hakuna wakili anayepokea simu zao, hawamo kwenye hesabu.

Jambo la pili nitakaloambiwa, na hili hata mimi niliwahi kulisema, ni kwamba "lakini hawakuwa malaika." Walifuata nini bustanini usiku na kundi lile? Si kuna watu walipigwa kweli?

Ndiyo, kuna watu walipigwa. Na kama kuna ushahidi kwamba kijana fulani alimpiga mtu fulani, mshtaki kwa hilo. Lakini kumpiga mtu si kubaka, na kuwa kwenye kundi si kufanya kila kitu kilichofanywa bustani nzima. Hii "hawakuwa malaika" huwa tunaitoa baada ya kushindwa kwa ushahidi. Tunapoteza hoja ya kwanza, tunatafuta ya pili, mradi tusiseme "tulikosea." Na angalia vizuri, ni nani anayedaiwa kuwa malaika ndipo aaminiwe? Kijana wa Kizungu akifanya upuuzi na marafiki zake usiku, watu husema ni utoto. Mweusi wa miaka 14 akifanya hivyo, ghafla anakuwa mtu mzima mwenye historia.

Tena hata kuwa malaika hakusaidii. Angalia Anthony Ray Hinton wa Alabama. Huyu alishikwa mwaka wa 1985 akahukumiwa kifo kwa mauaji ya mameneja wawili wa mikahawa. Usiku wa uvamizi wa tatu, ule uliomwacha shahidi hai, yeye alikuwa kazini ndani ya ghala linalofungwa, kilomita nyingi kutoka pale. Hakuwa kwenye kundi, hakuwa bustanini, hakukiri. Ushahidi ulikuwa bastola ya mama yake, eti risasi zililingana nayo. Wakili aliyepewa na serikali alidhani hana zaidi ya dola 1,000 za kutafuta mtaalamu wa risasi, akampata mmoja mwenye jicho moja, na kortini mwendesha mashtaka akamgeuza kichekesho. Hinton amesimulia kwamba afisa aliyemkamata alimwambia haijalishi kama alifanya au hakufanya. Atafungwa kwa sababu ni Mweusi, na shahidi, mwendesha mashtaka, jaji na wale raia 12 watakuwa Wazungu.

Alikaa karibu miaka 30 akingoja kuuawa. Mwaka wa 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hakutetewa ipasavyo. Aprili 2015 akatoka, kwa sababu wataalamu wa serikali yenyewe walishindwa kuunganisha zile risasi na ile bastola. Mama yake alikuwa ameshafariki. Hinton amesema mara nyingi kwamba hakuna afisa wa Alabama aliyewahi kumwambia pole. Huyo ndiye "malaika" wenu. Alipata nini?

Halafu kuna hii ya kukiri. Hii ndiyo ngumu zaidi kwa watu. "Mimi siwezi kukiri kitu sijafanya, hata mnichape." Nimesikia hii kwa matatu, kwa kinyozi, kila mahali. Trump mwenyewe ndiyo ngao yake: walikiri.

Lakini sisi Wakenya, kati ya watu wote duniani, hatufai kuongea hivyo. Waulize wazee kuhusu Nyayo House. Miaka ya themanini, watu walioshukiwa kuwa wa Mwakenya waliteremshwa kwenye vyumba vya chini vya jengo hilo hapo katikati ya Nairobi, wakapigwa, wakafungiwa kwenye maji, wakanyimwa chakula. Wakapelekwa kortini, wengine jioni kabisa, bila mawakili, wakakubali mashtaka. Miaka mingi baadaye Mahakama Kuu ikaamuru walipwe fidia. Hao hawakuwa watoto wa miaka 14. Kulikuwa na wahadhiri, mawakili, wanasiasa. Kama mhadhiri wa chuo kikuu alikiri asichofanya, mtoto aliyeambiwa "sema hivi uende nyumbani kwa mamako" atafanyaje?

Ndiyo maana sheria yetu ya ushahidi leo haikubali ungamo la mshukiwa kwa polisi hivihivi. Lazima atoe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi ambaye siye anayechunguza kesi, na mshukiwa awe na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Sheria ilijifunza. Sisi wananchi ndio bado.

Na kama unadhani hii ya rangi ni sinema ya Wamarekani tu, kumbuka tulichosoma shuleni kwa haraka tukitafuta alama za mtihani. Kapenguria. Mwaka wa 1952 serikali ya kikoloni iliwashtaki Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko kwa kuongoza Mau Mau. Jaji alikuwa Mzungu, Ransley Thacker, ambaye baadaye ilijulikana alilipwa pauni 20,000 pembeni. Aprili 1953 akawafunga miaka saba na kazi ngumu.

Oneko alikata rufaa, na mwaka wa 1954 hukumu yake ikafutwa. Unafikiri alienda nyumbani? Walimweka kizuizini palepale. Mahakama ya Wazungu wenyewe imesema huyu hatukuthibitisha, na serikali ya Wazungu hao hao ikasema hata hivyo hatoki. Mwaka wa 1958, shahidi mkuu dhidi ya Kenyatta, Rawson Macharia, akaapa kwamba alidanganya kortini na kwamba alihongwa. Serikali ilifanya nini? Ilimshtaki Macharia, kwa kile kiapo cha kusema alidanganya. Akafungwa. Na mwaka wa 1960 Gavana Patrick Renison akasimama akamwita Kenyatta kiongozi wa kuelekea gizani na mautini.

Unaona? Ripoti ya polisi wa New York ya 2003 na kauli ya gavana wa Kenya ya 1960 ni ndugu wa tumbo moja. Ushahidi ukibomoka, wenye nguvu hawabadilishi mawazo. Wanashika rangi, kwa sababu rangi haibomoki.

Nakubali, leo kwa mitaa yetu rangi ya mwili si hoja. Sote ni Weusi. Lakini tuna rangi zetu nyingine. Jina la mtaa unakotoka. Rasta kichwani. Kofia ya kufunika macho. Kabila. Mtu akitoka Mathare au Dandora, na mwingine atoke Lavington, wakishikwa kwa kosa lilelile, unajua vizuri ni nani kijiji kizima kitasema "hapo kuna kitu." Tofauti ni kwamba rasta unaweza kunyoa, na mtaa unaweza kuhama ukipata pesa. Salaam na wenzake hawakuwa na kitu cha kunyoa.

Kuna methali tunayoipenda: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Nimekua nikiisikia kama hekima ya wazee, na kwa mambo mengi ni hekima. Lakini ikitumiwa dhidi ya mtu aliyeshtakiwa, ni kama hukumu isiyo na rufaa. Ukikiri, lipo. Ukikana, unaficha. Ukisafishwa, ulihonga. Ukinyamaza, unaogopa. Ukiongea, unajitetea sana. Hakuna mlango wa kutokea. Katiba yetu, Kifungu cha 50, inampa aliyefungwa nafasi ya kurudi Mahakama Kuu hata baada ya rufaa kwisha, kama kuna ushahidi mpya wenye uzito. Methali haimpi hiyo nafasi. Sisi hatumpi.

Na tusijidanganye kwamba ni mambo ya hisia tu. Mtu aliyetoka jela bila hatia anatafuta kazi, mwajiri anaandika jina lake kwenye simu, inatokea ile habari ya kukamatwa. Ile ya kuachiliwa haikupata nafasi ukurasa wa kwanza, kama ilichapishwa kabisa. Anatafuta nyumba, keateka anamwambia imechukuliwa. Anatafuta mchumba, ndugu wa msichana wanaita mkutano. Gereza linampa kifungo chenye mwisho. Sisi tunampa kisicho na mwisho, na hatuhitaji hata ushahidi.

Mahakama inaweza kumfungulia mtu mlango. Jina lake liko kwetu. Hakuna jaji anayeweza kuniamuru nisisogeze simu.

Baada ya wiki mbili hivi nilimtafuta yule jamaa. Nilikuwa nimefanyia mazoezi maneno yangu kama mwanasiasa. Nikamwambia, "Buda, pole kwa ile siku ya chapati." Nilidhani atajifanya hajui ninaongea nini. Akacheka kidogo, akasema, "Wewe angalau uliificha polepole. Mathe bado hulala na pochi chini ya mto."

Sikuwa na jibu. Bado sina. Lakini tangu siku hiyo nimeacha kuuliza "kwani alishikwa kwa nini?" mtu anapoachiliwa. Hilo swali lilishajibiwa na waliokuwa na kazi ya kulijibu. Na wewe uliyelia na Korey Wise kwenye Netflix, hebu mtazame jirani yako aliyerudi. Msalimie. Mkipeana kazi, mpe. Akiketi kando yako, tulia, na uache simu yako ilipo.